Alama Chini ya Betri

Kutoka meza yangu hadi meza yake zilikuwa hatua kumi na nne. Nilizihesabu kwa macho, tena zaidi ya mara moja, nikiwa nimekaa kwenye stuli yangu namtazama jinsi watu walivyomzunguka. Yeye alikaa upande wa jua, mimi upande wa upepo. Anayeijua Sumbawanga anajua upepo wa mwezi wa saba ulivyo. Unaingia hadi kwenye mifupa, na fundi wa simu mwenye vidole vilivyokufa ganzi hawezi kushika hata bisibisi ndogo. Lakini yeye bisibisi alikuwa haitumii, na hilo ndilo lililokuwa likiniuma.

Nilimwonea wivu, na nalisema mapema ili nisije nikalizunguka huko mbele. Watu wa mtaani kwetu wangesema nina roho ya kwa nini, na wasingekosea. Kwa nini yeye, kwa nini pale, kwa nini mteja anapita mbele ya meza yangu kama haioni na kwenda kumwamkia yeye?

Mimi kazi hii niliianza kwa mjomba wangu, aliyekuwa akitengeneza redio enzi ambazo kipuri kilikuwa kitu cha kuombea. Ukimpelekea redio iliyokufa, alikuwa anang'oa kifaa kimoja kwenye maiti ya redio nyingine na kukichomea kwenye yako. Alinifundisha kwamba kitu kibovu kinatolewa, kizima kinawekwa, basi. Kisha soko likafunguliwa. Bidhaa zikaanza kupanda huku juu kutoka Tunduma kwa malori. Zilitangulia redio za kaseti, zikafuata simu za vitufe, na mwisho zikaja hizi simu za intaneti zisizo na vitufe, kioo kitupu unachokipapasa kwa kidole. Nyingi zilikuwa za Kichina, zisizojulikana jina wala ukoo, na kila moja ilizaliwa na kilema chake. Moja inazima skrini ukiiweka sikioni na haiwashi tena. Nyingine kitufe chake cha kuwashia kinazama ndani wiki ya pili tu. Nyingine ukiichaji inajibonyeza yenyewe na kupigia watu. Kwangu mimi yote hayo yalikuwa na dawa moja, yaani kufungua, kutafuta kilichoharibika na kubadilisha. Kama kipuri hakipo, mteja asubiri lori la Tunduma.

Huyu jamaa alipokuja, hakumsubirisha mtu.

Alitoka bondeni, upande wa Milepa, kwenye familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Alikuja na laptopu kuukuu yenye bawaba iliyofungwa kwa waya, akapanga kibaraza cha duka la nguo ng'ambo ya barabara. Siku ya kwanza nilicheka. Nikamwambia muuza karanga aliyekaa jirani yangu, "Huyu ng'ombe wamemshinda sasa amekuja kuchunga simu." Muuza karanga akacheka pia. Lakini wiki haijaisha nikamwona muuza karanga mwenyewe amesimama pale ng'ambo na simu yake mkononi.

Simu ya muuza karanga ilikuwa na kitufe cha kuwashia kilichokufa. Mimi nilikuwa nimemwambia asubiri kipuri. Jamaa aliichomeka kwenye laptopu, akagonga gonga, akaingiza programu fulani, na kuanzia hapo muuza karanga akawa anaiwasha simu yake kwa kitufe cha sauti. Kitufe kilichokufa kilibaki palepale, kimekufa. Hakukigusa. Alichofanya ni kuiambia simu ikisahau.

"Hajatengeneza kitu," nilimwambia muuza karanga. "Amekufichia ugonjwa tu."

"Mimi nataka iwake," akanijibu. "Na inawaka."

Basi ikawa hivyo. Bibi mmoja simu yake ilikuwa na ukanda uliokufa upande wa chini wa kioo, pale pale zinapokaa herufi za kuandikia. Jamaa akaigeuza picha yote kichwa chini, bibi akawa anaishika simu miguu juu, ukanda uliokufa ukaangukia sehemu asiyoihitaji. Nilimwona anatembea sokoni anaongea na simu iliyopinduliwa, anatabasamu. Dereva mmoja spika yake ya sikioni ilikuwa imekatika, jamaa akaiambia simu itumie spika kubwa ya nyuma kwa sauti ndogo. Yule mwenye simu inayozima ukiiweka sikioni, akaiambia simu isijali tena kama kuna sikio au hakuna. Kila kilema kilikuwa na njia yake ya kuzungukwa, na hakuna hata skrubu moja iliyofunguliwa.

Nilikuwa nikilala na picha ya mikono yake. Ilikuwa safi. Mimi yangu ina makovu ya pasi ya kuchomea tangu utoto, kucha nyeusi kwa moshi wa risasi ya kuchomea, na mke wangu alikuwa akinitania kwamba nikimshika shavu ananusa kiwanda. Yule jamaa alikuwa anamaliza kazi za siku na kuingia kwenye chakula bila hata kunawa sana.

Na ubaya wake ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Angekuwa na majivuno ningepata pa kumshikia. Kila asubuhi alivuka barabara kunisalimu. "Shikamoo kaka," wakati tulipishana miaka mitano au sita tu. Simu ikimshinda, iliyoingia maji au iliyokatika mkanda wa ndani, alimwelekeza mteja kwangu: "Hiyo mpelekee kaka pale, ndiye anayejua kufungua." Wateja wake wa kuokota ndio walionilisha miezi ile. Ukitaka kujua wivu wenye sumu, pokea mteja aliyetumwa na unayemwonea.

Sasa nieleze habari za mke wangu. Tulikuwa na miaka miwili kwenye ndoa, hatujapata mtoto bado. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na ufaulu mzuri wa sayansi, na tangu nimjue alikuwa na neno moja tu, uuguzi. Alipokuwa binti mdogo kwao Kipili, mama yake alijifungua kwenye boti wakipelekwa hospitali, na mtoto hakupona. Aliniambia kisa hicho mara moja, na hakukirudia. Aliomba chuo mwaka wa kwanza akakosa. Mwaka wa pili akaomba tena, kwa simu yake, kwa sababu siku hizo maombi yalikuwa yamehamia kwenye intaneti.

Simu yake nilimnunulia mimi, na ilikuwa na kilema chake. Ukingo wa kulia wa kioo ulikuwa hausomi sawasawa. Ukibonyeza herufi ya mwisho kulia, inaandika ya jirani yake wa kushoto. Shangazi yake alipofiwa, mke wangu alimwandikia pole, ikaenda "ooke sana". Shangazi akapiga kuuliza ni Kifipa cha wapi hicho. Tulicheka hadi machozi. Nikamwambia, "Nitakubadilishia tachi." Tachi ni kile kioo cha juu kinachosikia kidole. Nilisema hivyo mwezi wa tatu. Mwezi wa sita nilikuwa bado nasema. Tachi zilikuwa zinakuja, naziweka kwenye simu za wateja, nasema yake itakuja na lori lijalo. Mke wa fundi simu yake inakuwa ya mwisho, mnajua wenyewe.

Siku moja jioni nimerudi nyumbani, namkuta amekaa kibarazani anaandika meseji, vidole vinakimbia. Nikatazama. Herufi zote zinakaa mahali pake, hata za ukingo wa kulia.

"Nani kakutengenezea?"

"Shemeji," akasema, bila kuinua macho. "Yule wa pale ng'ambo. Dakika kumi tu. Kanigusisha vialama pembeni mwa kioo, simu ikajifunza vidole vyangu vinaangukia wapi. Kumbe ni kitu kidogo hivyo."

Shemeji. Alimwita shemeji kwa sababu yule aliniita kaka, hakukuwa na zaidi ya hapo, na nilijua hakukuwa na zaidi ya hapo. Lakini neno lile lilinikata maini. Niliiona ile picha. Mke wangu ameinama kwenye meza ya yule jamaa, mchana kweupe, hatua kumi na nne kutoka nilipokuwa nimekaa, au pengine nilikuwa nimekwenda kunywa chai. Yule anamwambia gusa hapa, gusa hapa, naye anagusa. Watu wote wa barabara ile wanaona mke wa fundi amepeleka simu kwa fundi mwingine. Sikula ugali ule vizuri. Aliniuliza kama naumwa, nikamwambia nimechoka.

Siku chache baadaye majina yakatoka. Alichaguliwa. Chuo chenyewe kilikuwa hapa hapa mjini, angekuwa anakwenda kwa miguu. Alinipigia simu kazini akiwa hawezi kuongea, nikadhani msiba. Niliporudi nilimkuta amepika wali na kuku. Nilifurahi, sisemi uongo, nilimbeba kabisa. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja. Aliyechaguliwa alitakiwa aingie kwenye ukurasa wa chuo kwa neno lake la siri na kuthibitisha kwamba nafasi anaichukua. Mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni, na asiyethibitisha nafasi yake anapewa mwingine. Ukurasa wa kuthibitisha ungefunguliwa Alhamisi.

Jumanne habari ikaja kutoka Kipili kwamba mama yake amezidiwa na malaria. Ikabidi ashuke ziwani Jumatano alfajiri, na kuthibitisha angethibitishia huko huko. Kipili kulikuwa na mtandao ukipanda kilimani juu ya forodha. "Simu yangu ni nzima sasa," akaniambia. "Hakuna wasiwasi."

Nzima. Neno hilo nalo nilikwenda nalo kazini Jumanne ile, nalitafuna.

Nilikuwa nimeichukua simu yake asubuhi hiyo nikamwambia nitaichaji kazini, nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Mchana nikaiweka mezani. Kwenye droo nilikuwa na tachi mbili mpya za aina ile ile, zimeletwa wiki hiyo. Nikajiambia nitambadilishia kioo, kitu kibovu kitoke, kizima kikae, kama mjomba alivyonifundisha. Sitamwambia kitu. Akirudi, siku atakaposema simu siku hizi ni laini, inasikia vizuri, ndipo nitamwambia ni mimi. Nilikuwa nimeshaipanga hadi sauti nitakayosema nayo.

Nikafungua kava la nyuma, nikatoa betri.

Hapa lazima nieleze jambo moja la mafundi wa pale mjini. Kila fundi akigusa simu, aliacha alama yake chini ya betri. Anaandika kwa kalamu nyembamba ya wino usiofutika amefanya nini na lini, ili mkono utakaofuata ujue ulipo. Hatukuandikiana mkataba, ilikuwa ni heshima tu. Mimi alama yangu ilikuwa mstari wenye mikato miwili. Yake ilikuwa duara lenye nukta katikati. Niliifungua simu ya mke wangu, simu niliyoinunua mimi, nikakuta duara lenye nukta katikati. Chini yake kulikuwa na mistari miwili ya mwandiko mdogo.

Kichwa kikawaka moto. Sikusoma. Niliona neno la kwanza tu, lilikuwa "Kaka", halafu nikachovya pamba kwenye spiriti na kusugua. Wino ule ulikuwa mgumu, nikasugua hadi pakabaki peupe. Kisha nikachora mstari wangu na mikato yake miwili, mkubwa kuliko kawaida.

Nikabadilisha tachi. Kazi safi, hata leo naweza kuisifu. Nikaiwasha, nikabonyeza picha hii na ile, nikajipigia, simu ikaita. Sikujaribu kuandika hata neno moja. Nilikuwa naitazama meza ya ng'ambo huku natabasamu peke yangu.

Jumatano mke wangu akaondoka na lori la Namanyere. Alhamisi mtandao wa kule ulikuwa haupo kabisa. Ijumaa saa nane na nusu akanipigia. Upepo wa ziwani ulikuwa unavuma kwenye simu.

"Neno la siri linakataa," akasema.

"Umelisahau?"

"Sijalisahau. Nimeliandika mara tatu. Linaniambia si lenyewe. Wanaruhusu mara tano tu."

Neno la siri halionekani unapoliandika, zinatokea nukta tu. Wala kabla ya hapo hakuwa ameandika kitu tangu ashuke. Alikuwa anapiga simu tu, mgonjwa mikononi, nani wa kumwandikia meseji? Lakini mimi nilijua. Yule jamaa alikuwa ameifundisha simu kukisamehe kioo kibovu. Mimi nikakitoa kioo kibovu, na simu ikaendelea kusamehe. Ilikuwa inavisukuma vidole vyake kulia wakati hakukuwa tena na sababu.

Na dawa yake nilikuwa siijui. Aliyeijua alikuwa amekaa hatua kumi na nne kutoka pale, anakula muhindi wa kuchoma.

Nilipaswa kusimama. Saa nane na nusu, ningesimama tu, mambo yangekuwa yametengemaa. Nilimtazama. Alikuwa na wateja watatu mbele yake, wanacheka kitu. Nikajiona navuka barabara, nasimama nyuma ya wale watatu, nasema mimi, fundi tangu utoto, nimeharibu simu ya mke wangu, naomba unisaidie. Nikabaki kwenye stuli.

"Toa betri, usubiri, urudishe," nikamwambia mke wangu.

Akatoa. Akapiga tena baada ya robo saa, mtandao ulikuwa unakuja na kupotea.

"Futa kioo, pengine vidole vina jasho."

Akafuta.

"Jaribu tena taratibu, herufi moja moja."

Akajaribu. Ikakataa. Hiyo ya nne. Nikamwambia aizime kabisa, aipumzishe, aiwashe. Saa tisa ikapita. Nikamwambia ajaribu tena, pengine sasa. Mpaka leo sijui kwa nini nilisema pengine sasa. Nadhani nilitaka tu nisivuke.

Saa tisa na nusu akanipigia analia. Mke wangu si mtu wa kulia. Sikumsikiliza hadi mwisho, nilijua tu haijakubali. Ndipo nikasimama, nikavuka, simu ikiwa sikioni. Hatua hazikuwa hata kumi na nne, nilikuwa nakimbia.

Nilimwekea simu mkononi. "Shemeji yako," nikasema. "Neno la siri linakataa. Mwisho saa kumi."

Hakuuliza zaidi. Alifungua spika, akawapungia wateja mkono wasubiri.

"Shemeji, pole. Tukikata, fungua sehemu ya meseji, uandike neno soko. Halafu nipigie kwa namba hii hii unisomee ulichokiona."

Tukangoja. Simu ikaita.

"Imeandika s, p, l, p," akasema mke wangu.

Jamaa akazirudia zile herufi polepole. Niliona anafikiri, na niliona alipofika. "Shemeji, hii simu imebadilishwa kioo?"

"Hapana," akajibu mke wangu. "Hakuna aliyeigusa tangu wewe."

Akainua macho akanitazama. Hakunitazama vibaya. Mimi nikatazama laptopu yake, ile bawaba yenye waya.

"Sawa," akamwambia. "Sasa nisikilize vizuri. Kuna picha ya kidole chenye duara, ifungue. Chini kulia kuna neno futa. Usilibonyeze lenyewe, bonyeza kushoto kwake kidogo, upana wa punje ya mchele. Simu italipata." Alikuwa anaijua ile simu bila kuiona. Alijua kidole chake kitaangukia wapi kule Kipili, kilimani, kwenye upepo. Dakika nne hazikufika. "Andika soko tena."

Akapiga tena. "Soko," akasema mke wangu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Haya, rudi kwenye chuo. Umebakiza majaribio mangapi?"

Upepo ulivuma kwenye spika.

"Hakuna," akasema. "Yamekwisha. Mume wangu aliniambia nijaribu tena. Limefunga, limesema nirudi baada ya saa ishirini na nne."

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Jamaa akatafuta namba ya chuo kwenye laptopu, akaipiga kwa simu yake mwenyewe, ikaita ikaita. Chuo kilikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Alichukua bodaboda tukapanda wawili, akaacha wateja na laptopu mezani. Tulifika saa kumi na dakika tano. Mlinzi alikuwa mtu mzima mwenye adabu, akatuambia ofisi imefungwa, turudi Jumatatu. Jumatatu tulirudi. Nafasi ilikuwa imeshapewa mtu.

Lakini nimeruka jambo moja. Kabla ya bodaboda, pale mezani, mke wangu alikuwa bado kwenye spika. Aliuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Shemeji, ilikuwaje?"

Nilikuwa nimesimama pale. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu.

"Ni ile programu yangu," jamaa akasema. "Imejivuruga. Kosa langu, shemeji. Nisamehe sana."

Mke wangu akakata simu bila kuaga.

Tukiwa tunarudi kutoka chuoni kwa miguu, jamaa aliniambia kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Kaka, niliandika chini ya betri. Niliandika, kaka, ukibadilisha tachi, futa kwanza marekebisho yangu. Nilijua simu ile haitafunguliwa na mtu mwingine. Hukuona?"

"Wino ulikuwa umefutika," nikasema.

"Ah," akasema. Wino wake ulikuwa haufutiki, na wote tulijua. Hakuligusa tena jambo hilo, siku ile wala siku nyingine. Kesho yake asubuhi alivuka barabara akaniamkia kama kawaida.

Mke wangu alirudi Jumapili, mama yake amepata nafuu, na samaki wakavu wa ziwani, migebuka, kwenye kapu. Alipita barabarani kwetu akielekea nyumbani. Yule jamaa alisimama kumsalimu. Mke wangu alimpita kama anavyopita nguzo. Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya aibu yangu yote, kitu fulani ndani yangu kilifurahi.

Aliomba chuo mwaka uliofuata, akakosa. Kisha tukapata mtoto, kisha wa pili, kisha masharti ya kujiunga yakapanda. Siku hizi anashona nguo, ana mafundi wawili chini yake, hana shida. Lakini tukienda hospitali na mtoto, hakai kwenye benchi. Husimama karibu na mlango akiwatazama wauguzi wanavyoshika sindano, wanavyofunga bandeji, na mara nyingine namwona vidole vyake vinajongea.

Jamaa yuko palepale bado, amepata fremu ya duka ya maana. Bado namwonea wivu, ila si kwa sababu ya laptopu tena. Namwonea kwa lile alilolisema kwenye spika. Uongo wake wa maneno machache ulimgharimu mteja, na heshima ya shemeji yake, na hajawahi kuja kudai.

Mwezi uliopita simu mpya ya mke wangu ilianza kujizima yenyewe. Ni simu nzuri, ya aina hizi zisizofunguka mgongo, ndani yake hakuna mahali pa fundi kuandika. Nikaitazama nikajua si ugonjwa wa bisibisi, ni ugonjwa wa programu. Nikajikaza nikamwambia, "Hii mpelekee yule jamaa pale ng'ambo. Ndiye anayejua."

Aliacha mkasi juu ya kitambaa.

"Yule aliyenipotezea chuo?" akasema. "Hata siku moja. Wewe ndiye fundi wangu."

Ndilo neno nililolitaka miaka yote ile. Nilinyoosha mikono miwili nikaipokea simu, na sikumwambia.